Mgomba Uliozikwa Mzima

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, kaburi la Atupele lilikutwa limechipua.

Si kitu kikubwa. Jani moja tu la mgomba, bado limejikunja, limetoboa udongo upande wa kichwani na kusimama wima, jembamba kama sigara ya msokoto. Mika alipoliona, akiwa bado na koti lake la kanisani, hakumwita mkewe. Alisimama mbele ya jani ili mkewe asilione. Wanaume bwana. Mwanamke amelipalilia kaburi lile mwaka mzima kwa mikono yake, halafu wewe unadhani utamficha jani.

"Nimeshaliona," alisema Tusekile nyuma yake. "Tangu juzi."

"Basi nitaling'oa."

"Uliguse uone, Baba Atupele."

Mika hakuligusa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa ukitaka kusema kweli yalikuwa yameharibika zamani, siku ya maziko yenyewe.

Hawa walikuwa Wanyakyusa wa Tukuyu waliohamia Rujewa, kwenye tambarare za Usangu, kulima mpunga. Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani. Nyumba yao ilikuwa bondeni, karibu na mto Mbarali, pale pale ambapo mtu mwenye akili zake angekuambia usijenge. Lakini mpunga hauoti kilimani, na shamba la mpunga lisipolindwa ndege hawaachi kitu, kwa hiyo wakulima walijenga karibu na majaruba yao na kila masika walilala sikio moja likiwa mtoni. Tusekile alikuwa na jibu lake kwa waliomcheka. "Kwetu milima inaporomoka inafunika watu wamelala," alisema. "Huku mto unapanda. Sasa mtu akaishi wapi? Juu ya mti?"

Masika ya mwaka uliotangulia mto ulipanda mchana kweupe, watu wakiwa majarubani, ukamchukua Atupele, binti yao wa kwanza, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Walimtafuta mpaka kwenye matete ya Ihefu, huko maji yote ya Usangu yanakotuama. Hawakupata hata kipande cha nguo.

Ukoo wa Mika ulikuwa na desturi kwa watu wa namna hiyo. Mtu akipotea na mwili wake, hauzikwi udongo mtupu. Unakatwa mgomba, shina lenye urefu wa marehemu, unavingirishwa kwenye mkeka na kuzikwa kwa jina lake, ili roho yake ijue kwamba nyumbani wameshaagana nayo. Kukata ndiyo kazi yenyewe. Shina likishatenganishwa na mizizi yake litaoza tu, kama mwili unavyooza, na mambo yatakwisha.

Lakini Mika alipoinua panga siku ile, Tusekile alimshika mkono. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Usimkate mwanangu mbele yangu." Wazee wa ukoo walikuwa mbali, Tukuyu. Majirani Wasangu hawakuijua desturi ile, wakaangalia pembeni. Mika mwenyewe moyo ulikuwa umemwisha. Aliweka panga chini, akachukua jembe, akaung'oa mgomba mzima pamoja na kisiki na mizizi yake, wakauvingirisha kwenye mkeka wa mtoto na kuuzika hivyo hivyo. Mtoto yeyote wa Tukuyu angemwambia kwamba mgomba wenye kisiki haujafa. Mika alijua pia. Lakini ungekuwa wewe ungemkatalia?

Kisiki kilikaa kimya mwaka mzima, jambo ambalo si la kawaida kwa mgomba. Kikangoja mpaka masika yaliporudi.

Jioni ya kwanza aliyosikia sauti, Tusekile alikuwa uani anapepeta mchele. Fanueli, mwanawe mdogo aliyebaki, alikuwa amelala ndani. Upepo haukuwepo, lakini jani lilitikisika, na ikaja harufu ya tope la mtoni, ile harufu ya maji yaliyolala na majani yaliyooza, nzito kiasi kwamba aliihisi ulimini. Kisha akaitwa.

"Juba."

Ndivyo Wanyakyusa wanavyomwita mama. Neno lilipita kwenye pengo la meno kama lilivyokuwa likipita siku zote. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika wote. Hakukimbia. Wewe na mimi tungekimbia. Yeye alitambaa mpaka kaburini, akaweka shavu lake juu ya udongo, akasema, "Niko hapa, mwanangu."

"Baridi, juba."

Tangu hapo mtu angemwona Tusekile anafunika kaburi kwa kanga yake mvua ikinyesha. Alianza kupakua sahani ya ziada. Alikuwa anacheka peke yake, yeye ambaye mwaka mzima hakucheka, na Mika, aliyekuwa ameomba kwa Mungu siku nyingi amwone mkewe akicheka tena, sasa alipomwona aliogopa kula chakula alichopika.

"Mama Atupele, unaongea na nani pale nje?"

"Na mwanangu."

"Mwanetu amekufa."

"Wewe umemwona? Uliuona mwili?" Alimtazama bila hasira. "Basi nyamaza."

Wiki hiyo hiyo akaja Yotamu, mzee wa kanisa, amepanda baiskeli mpaka barabara ilipoishia kwenye tope, kisha akaja kwa miguu, suruali imekunjwa. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Hakutaka hata kukaa.

"Habari zimetoka bomani," alisema. "Kimbunga kimetoka baharini, kimeezua mji mmoja huko pwani ya kusini, mabati yakaruka kama karatasi. Sasa kinakuja bara. Wanasema kitachoka njiani, lakini maji yake yote kitayamwaga huku kwetu. Watu wote wa bondeni wapande kanisani, kwenye mwinuko. Mama, fungasha leo. Ya mwaka jana unayajua kuliko mimi."

Mika alianza kufungasha Yotamu akiwa bado mlangoni. Masufuria, jembe, gunia la mbegu, blanketi. Siku ile na iliyofuata bonde zima lilikuwa hivyo, watu wanapita na kuku kichwani na mbuzi wanaburutwa, kila mmoja anatazama upande wa mashariki ambako mawingu yalikuwa yamekaa chini, rangi ya masizi, hayasogei, yanakusanyika tu. Ndege walikuwa wameondoka mpungani. Hilo ndilo lililowatisha wakulima. Mchana kutwa shamba halina ndege hata mmoja, na hakuna anayewafukuza.

Tusekile alikuwa ameketi kaburini. Mgomba sasa ulikuwa umefika kifuani mwake.

"Twende," alisema Mika.

"Nendeni."

"Mto unakuja, mke wangu."

"Ulikuja mwaka jana nikakimbia. Nikamwacha. Sikimbii tena." Alishika jani, akalipapasa kama mtu anayesuka nywele za mtoto. "Ameniambia nisihame. Anasema tukihama hatatuona tena. Akirudi nyumbani akakuta hakuna mtu, nani atamfungulia?"

Mika alikaa chini palepale kwenye tope na kulia. Alikuwa mtu mzima, mwenye mikono ya jembe, akalia mbele ya mgomba.

Angeweza kumbeba kwa nguvu, na nadhani angefanya hivyo, kama isingekuwa Fanueli. Aliingia ndani kumchukua mtoto akamkuta amekaa ukutani, upande wa kaburini, sikio limebandikwa kwenye udongo wa ukuta, anatabasamu.

"Tata, dada anasema niende tukacheze."

"Wapi?"

"Chini."

Mika alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vidole vya mtu aliyekaa majini tangu asubuhi. Mtoto alikuwa mkavu. Hakuwa ameoga. Kisha akakohoa, na kilichotoka kinywani kikamwagikia miguu ya baba yake kilikuwa maji ya mto, ya kahawia, yenye mchanga ndani.

 Mika alimwinua Fanueli, akampeleka uani, akamwonyesha mama yake vile vidole.

Tusekile aliviangalia muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole. Alivuta kile kidole kidogo na kukitia kinywani mwake kukipasha joto, kama alivyokuwa akifanya mtoto alipokuwa mchanga, akakitoa, na kilikuwa baridi vilevile.

"Kamlete Mama Apolonia," alisema.

Apolonia alikuwa Mhehe, mjane kutoka Idodi, Mkatoliki wa rozari shingoni, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa bonde lile. Yotamu alikuwa hampendi kwa sababu ya dawa zake, lakini hata mke wa Yotamu alijifungulia mikononi mwake. Apolonia alikuta watu wa mwisho wanapanda kanisani, akashuka yeye, amejifunika gunia kichwani, maana mvua ilikuwa imeanza.

Hakuuliza mengi. Alinusa hewa. Aliangalia vidole vya Fanueli, akaangalia kaburi, akauzunguka ule mgomba bila kuugusa, kisha akawageukia.

"Nani alizika na kisiki?"

"Mimi," alisema Mika.

"Kwa neno langu," alisema Tusekile.

Apolonia alishusha pumzi. Alikuwa na ukali wa kawaida, lakini siku ile hakuwa mkali. "Mwanangu, umezika kitu ambacho hakijafa, ukakipa jina la mtu. Umejenga nyumba, ukaacha mlango wazi, ndani hamna mwenyewe. Mtoni kuna vitu vinapita. Madereva wa pwani wanaviita majini, sisi tuna majina yetu. Kimoja kimepita kikaona nyumba haina mtu."

"Ni sauti yake, mama. Ni meno yake."

"Umekipa jina, kimejivika na sauti." Aliweka mkono begani mwake. "Mto ukifika hapa leo, kitapata nguvu za maji yote haya, na kitaondoka na huyu mdogo. Unaona kimeshaanza. Uliyekataza usikatwe ndiye utakayekata. Si mimi, si mumeo. Na ukishakifukua, kabla ya kukata, ukiambie kwa kinywa chako kwamba si mwanao. La sivyo panga halitakuwa na kazi."

"Na kama ni yeye?"

Apolonia aliviangalia tena vidole vya Fanueli. "Angekuwa yeye," alisema, "angemchukua mdogo wake?"

Mika alimfunga Fanueli mgongoni, akapanda naye kanisani akikimbia na kuteleza. Apolonia alibaki ukingoni mwa ua, rozari mkononi, kwa sababu alisema akisogea zaidi ya hapo haitafaa. Tusekile akachukua jembe.

Ilikuwa mchana, lakini mawingu yalikuwa yameshuka hata paa la nyumba ya jirani halikuonekana, na upepo ulikuja kwa vipande, unapiga, unatulia, unapiga tena kutoka upande mwingine, na kila ulipotulia mto ulisikika, ule mngurumo wa chini usioingia masikioni bali unaopandia nyayoni. Pigo la kwanza la jembe liliingia bila shida. La pili likaleta harufu, tope na majani yaliyooza, akatapika, akafuta mdomo, akaendelea.

"Juba, unafanya nini?"

Alipiga jembe tena.

"Juba, nimechoka kukaa huku. Unakuja kunitoa?"

"Nakuja," alisema, kwa sababu lilikuwa jibu la kweli, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa wingi hata hakujua ni machozi au ni mvua.

Akachimba, na mvua ikajaza shimo kadiri alivyochimba, akawa anachota tope kwa mikono na kulitupa nyuma yake, mpaka vidole vikagusa mkeka, na mkeka ulikuwa mkavu, mkavu kabisa ndani ya tope lile, wa moto kidogo kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka, na mizizi ilikuwa imepita ndani yake na kuushika kila upande, mizizi myeupe, minene, yenye vifundo kama vya vidole, na alipoifuata kwa mkono kuona inakokwenda alikuta haikwenda pande zote kama mizizi ya mgomba inavyokwenda, bali yote ilikuwa imeelekea upande mmoja, imenyooka chini ya udongo kuelekea nyumbani, chini ya ukuta, mahali alipokuwa akilala Fanueli.

Hapo moyo ukamfa ganzi. Alijua. Akalishika panga.

"Juba, unakumbuka siku ile?" Sauti sasa ilikuwa karibu sana, si chini tena, ni kama mtoto amesimama nyuma yake na kuegemea mgongo wake, na kweli alihisi uzito mdogo, wa baridi, kwenye mgongo. "Ulimshika Fanueli. Mkono mwingine ulinishika mimi. Ulinishika kwa nguvu, juba. Uliniumiza. Mimi sikukasirika."

"Nyamaza."

"Maji ndiyo yaliyonivuta. Hukuniacha wewe. Nilitaka kukuambia."

Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa amekaa kaburini akingoja mtu mmoja tu duniani amwambie maneno yale. Mika alimwambia, hakusadiki. Yotamu alimwambia, hakusadiki. Sasa ameambiwa, na panga liko mkononi, na mto umeshafika kwenye majaruba ya chini kwa sababu alisikia matuta yakivunjika moja baada ya jingine, na kule juu kwenye mwinuko mwanawe mwingine alikuwa anakohoa mchanga mgongoni mwa baba yake. Alipiga magoti shimoni. Angeweza kulala palepale, na nadhani hakuna mama ambaye asingetaka. Kulala, kuukumbatia ule mkeka wenye joto, na kuyaacha maji yaje.

Akainua panga.

"Wewe si mwanangu," alisema.

 Upepo ulikuwa umetulia tena, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu ila mvua juu ya majani. Ule uzito mgongoni ulisogea.

"Haya, juba," sauti ikasema, taratibu. "Haya. Naenda."

Na uzito ukaondoka.

Alikata. Alikata pigo moja, na shina likaanguka, na likatoa maji kama linavyotoa shina lolote la mgomba, ndani hakukuwa na kitu chochote. Alikata kisiki vipande vipande. Alikata mizizi mpaka ukutani. Apolonia ndiye aliyemshika mikono kutoka nyuma na kumvuta atoke shimoni, maana maji yalikuwa yanaingia uani na yeye alikuwa bado anakata tope.

Kanisani walikuta Fanueli amelala kwenye benchi, ametoka jasho, mwili una joto. Alifumbua macho akaomba uji. Usiku ule kimbunga kilimwaga maji yake yote juu ya Usangu, na asubuhi watu waliposimama kwenye mwinuko hawakuona bonde, waliona ziwa, na paa moja la nyasi linazunguka polepole kuelekea Ihefu. Nyumba ya Mika haikuwepo, wala ua, wala mahali kaburi lilipokuwa. Lakini mtu hakufa hata mmoja, na Yotamu akaanzisha wimbo.

Apolonia alikaa karibu na Tusekile akimfunga kitambaa viganjani, vilikuwa vimechubuka vyote.

"Kilikutukana sana?" aliuliza chini chini. "Mvua ilizidi, sikusikia. Vile vitu vikifukuzwa hutukana. Hupiga kelele mpaka mtu anaziba masikio. Cha Idodi kiliniita majina ambayo siwezi kuyasema nikiwa na rozari. Miaka yote hii sijaona hata kimoja kilichokubali kuondoka kwa hiari yake."

Tusekile alimwangalia Fanueli anavyokunywa uji. Mika naye alikuwa amegeuka, anasubiri kusikia.

"Kilitukana," alisema Tusekile. "Kilipiga kelele sana."

"Basi ndicho chenyewe," alisema Apolonia. "Umekiondoa, mwanangu."

Mika alimshukuru Mungu kwa sauti, na watu waliokuwa karibu wakaitikia Amina. Tusekile hakuitikia.